Kelele zinazoziba masafa mafupi zisipuuzwe

Mnamo Oktoba 15, 2024, mashirika mawili ya serikali ya Marekani, NASA na NOAA, yalitangaza kwamba jua lilikuwa limeingia katika kipindi cha kilele cha mzunguko wake wa takriban miaka 11. Habari hiyo ilipita kama upepo. Waliopata kuisoma walizikumbuka picha za mianga ya rangi iliyotanda angani katika nchi za kaskazini mwezi Mei mwaka huohuo, wakastaajabu kidogo, kisha wakafungua ukurasa wa michezo. Lakini liko kundi la watu waliokuwa wameingoja habari hiyo kama mkulima angojavyo mvua za masika. Hao ni wanaredio wa ridhaa, yaani watu warushao na kupokea mawimbi ya redio kwa kupenda tu, pasipo malipo, wakiwa na leseni ya serikali na mtambo mdogo uliowekwa juu ya meza chumbani. Jua linapokuwa na madoa mengi, mtu aliye na mtambo wa wati 5, nguvu iliyo ndogo kuliko ya balbu nyingi za nyumbani, huweza kuzungumza na mwenzake aliye bara jingine.

Nia yangu leo si kuwasifu watu hao, ingawa wanastahili sifa. Nataka kuuzungumzia upande wa pili wa jambo hilohilo, ambao walimu na wanafunzi wetu hawapati kuusikia mara nyingi: kwamba njia ile ile ipitishayo sauti ya mnyonge hadi ng'ambo ndiyo ipitishayo kelele za mwenye nguvu, na kwamba tukizidi kuzinyamazia kelele hizo, siku ya dhiki hatutakuwa na mahali pa kuitia msaada.

Tuanze na somo la fizikia, kwani bila hilo mengine hayataeleweka. Mawimbi ya redio husafiri katika mstari ulionyooka, nayo dunia ni mviringo; kwa hiyo mtu angetarajia kwamba mawimbi yangepotelea angani mara tu yapitapo upeo wa macho. Hayapotei kwa sababu, baina ya kilomita 60 na kilomita 400 hivi juu ya vichwa vyetu, hewa iliyo nyembamba mno huchanganuliwa na miali ya jua hata ikajaa chembe zenye umeme. Wataalamu huiita sehemu hiyo ionosfia. Tabaka lake la juu huyapinda mawimbi na kuyarejesha ardhini, hata wimbi likaweza kufika kilomita 4,000 hivi kwa mruko mmoja, likagonga nchi kavu au bahari, likaruka tena. Tabaka la chini, ambalo hujengeka mchana na kutoweka usiku, hufanya kinyume chake: huyafyonza mawimbi, hasa yale ya masafa ya chini. Ndiyo maana mzee aliyezoea kusikiliza idhaa za ng'ambo kwa redio yake ya transista hahitaji kuambiwa kwamba stesheni za mbali huongezeka giza linapoingia. Na kule kufifia na kurudi kwa sauti alikozoea kukuvumilia si ubovu wa redio. Wimbi moja limemfikia kwa njia mbili zenye urefu tofauti, na mara njia hizo husaidiana, mara huangushana.

Madoa ya jua yanapoongezeka, tabaka la juu hunenepa na kuweza kurejesha hata mawimbi ya megahezi 27 au 28, ambayo wakati jua limetulia huipenya ionosfia na kwenda zake. Sisi tulio karibu na ikweta tumependelewa katika jambo hili. Jua hutupiga utosini, na tabaka lililo juu yetu huwa zito kuliko lile lililo juu ya Ulaya, hivi kwamba masafa hayo ya juu hufunguka kwetu mara nyingi zaidi. Lakini ionosfia haina adabu ya kuchagua. Haimwulizi mtu kama ana leseni, wala haitenganishi maneno na mngurumo. Chochote kitupwacho juu hurudishwa chini, mamia au maelfu ya kilomita kutoka kilikotoka.

Wanaredio wa ridhaa ndio waliotufundisha mengi ya haya. Sheria ya Marekani ya 1912 iliwasukuma kwenye mawimbi ya mita 200 na yaliyo mafupi kuliko hayo, kwa kuwa wakubwa wa wakati huo waliamini kwamba mawimbi hayo hayakuwa na faida. Ilikuwa kama kumpa mtu shamba la mawe. Novemba 1923, Wamarekani wawili, Fred Schnell na John Reinartz, walizungumza kwa alama za Morse na Mfaransa Léon Deloy aliyekuwa Nice, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, kwa wimbi la mita 110 hivi. Tangu hapo shamba la mawe likawa na wenyewe wengi.

Nikitaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi wingi wa sauti unavyoweza kuliharibu jambo jema, siendi mbali na redio ya raia ya Marekani, ile ijulikanayo kwa herufi CB. Mnamo 1958 Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ilitenga sehemu ya megahezi 27 ili mwananchi wa kawaida, asiye na elimu yoyote ya mitambo, aweze kuwasiliana na shamba lake, duka lake au gari lake. Masharti yalikuwa mepesi. Nguvu ya mtambo ilikomea wati 4, na mtu alikatazwa kuzungumza na aliye zaidi ya kilomita 250. Kwa miaka mingi mambo yalikwenda shwari. Kisha vikaja vita vya Oktoba 1973 katika Mashariki ya Kati, mafuta yakaadimika, na mwanzoni mwa 1974 serikali ikashusha mwendo wa magari barabarani hadi kilomita 88 hivi kwa saa. Madereva wa malori, ambao riziki yao hutegemea mwendo, walizinunua redio hizo ili wapashane habari za vituo vyenye mafuta na za mahali askari wa trafiki walikojificha. Raia wengine wakawaiga. Hata mke wa Rais, Bi. Betty Ford, alikuwa na jina lake la hewani. Idadi ya chaneli ikabidi iongezwe kutoka 23 hadi 40 ilipofika Januari 1, 1977.

Hapo ndipo jua lilipoingilia kati. Kilele cha madoa yake kilifika mwishoni mwa 1979 na mwanzoni mwa 1980, wakati mamilioni ya redio hizo zilikuwa tayari zimo magarini na majumbani. Megahezi 27 ikafunguka. Redio ya wati 4 iliyokusudiwa kumfikia jirani ikaanza kusikika ng'ambo ya bahari. Watu walionja utamu wa kusikika mbali, na wengi hawakuridhika na wati 4. Wakafunga vikuza nguvu vya mamia ya wati, kinyume cha sheria. Yule aliyefuata kanuni ndiye aliyeumia, kwa maana hata mtu wa mtaa wa pili hakuweza kumsikia katikati ya sauti zilizodondoka kutoka majimbo ya mbali. Majirani nao walilia. Mitambo mibovu hutoa, pamoja na masafa yake halisi, masafa yaliyo maradufu ya hayo. Na mwanafunzi akizidisha 27 kwa 2 atapata 54, ambapo ndipo hasa ilipoanzia chaneli ya 2 ya televisheni ya Marekani. Uingereza, ambako redio za CB ziliingizwa kwa magendo kabla hazijahalalishwa Novemba 2, 1981, warushaji wa ndege ndogo za mchezo walilalamika kwamba ndege zao, zilizoongozwa kwa masafa yale yale, zilikuwa zikipoteza mwelekeo.

Serikali ya Marekani ilifanya nini? Iliitupa leseni yenyewe mnamo 1983, kwa sababu haikuwezekana kuwafuatilia watu wote wale. Ule mpaka wa kilomita 250 ulibaki vitabuni hadi 2017, ulipofutwa. Naona haki ilitendeka kuufuta. Kumkataza mtu asisikike mbali ni sawa na kumkataza asitoe mwangwi anapoita mlimani. Umbali hauko mikononi mwake. Kilicho mikononi mwake ni nguvu ya mtambo wake na usafi wa mawimbi yake, na hapo ndipo sheria ingalipaswa kukaza kamba tangu mwanzo. Badala yake ilipoteza heshima kwa kukataza lisilokatazika, na mtu aliyezoea kuivunja sehemu moja ya sheria hakuona shida kuivunja na ile nyingine.

Wanaredio wa ridhaa hujigamba kwamba wao si kama hao. Kwa kiasi fulani ni kweli: hufanya mtihani, hupewa jina la mwito linalotaja nchi yao, nao hulazimika kulitaja hewani. Majina ya Kenya huanza kwa 5Y au 5Z; kabla ya uhuru yalianza kwa VQ4. Hata hivyo nisiwavishe kanzu wote. Mwishoni mwa juma, wakati wa mashindano yao, hakuna pa kutia mguu. Na stesheni ya nadra inaposikika kutoka kisiwa kisicho na watu, hujitokeza daima mtu mmoja mwenye kijicho wa kuifanyia fujo kusudi, asitaje jina lake.

Walakini fujo za mtu mmoja si kitu zikilinganishwa na fujo za dola. Na hapa hatuhitaji kwenda Marekani, kwa sababu mfano uko mlangoni petu.

Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva mnamo 2003 uliamua kwamba kipande cha kilohezi 7,100 hadi 7,200 kiachwe na stesheni za utangazaji na kupewa wanaredio wa ridhaa wa Afrika, Ulaya na Asia, kufikia Machi 29, 2009. Mataifa mengi yalihama. Eritrea haikuhama, ikaendelea kutangaza humo. Jirani yake Ethiopia, ambayo ilikuwa imepigana nayo vita vya mpaka baina ya 1998 na 2000 na kubaki nayo katika hali isiyo vita wala amani hadi Julai 2018, iliyajibu matangazo hayo kwa kelele. Hazikuwa maneno ya kuyapinga maneno. Zilikuwa mngurumo mtupu, kama wa maporomoko ya maji, uliotapakaa kilohezi nyingi kushoto na kulia kwa stesheni iliyolengwa. Eritrea ilipohamisha masafa, mngurumo uliifuata. Kwa miaka mingi wasikilizaji wa kujitolea wa umoja wa kimataifa wa wanaredio wa ridhaa, IARU, waliuorodhesha mngurumo huo katika ripoti zao wakiwa Ulaya, maelfu ya kilomita kutoka Asmara na Addis Ababa, kwani usiku mawimbi ya megahezi 7 husafiri huko bila ya taabu.

Tazama basi nani aliyelipa gharama. Mkulima wa Tigray aliyetaka kusikia upande wa pili hakusikia kitu. Mwanaredio wa Nairobi au wa Berlin, ambaye hakuwa na ugomvi na yeyote, alinyimwa kipande alichopewa na mkataba ambao serikali za dunia zilikubaliana. Na katika kipande hichohicho ndimo ilimo kilohezi 7,110, ambayo wanaredio wa Afrika na Ulaya wamekubaliana kuitumia wakati wa dharura.

Wapo watakaonijibu kwamba dola ina haki ya kuwakinga watu wake dhidi ya matangazo ya uchochezi. Hoja hiyo ina uzito, na sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kuidharau. Mwaka 1994 redio ya RTLM ilichochea mauaji ya kimbari nchini Rwanda, na serikali ya Marekani, iliyokuwa na uwezo wa kuiziba, ilijizuia kwa kutoa visingizio vya gharama na sheria. Waziri Mkuu wa Ethiopia, Meles Zenawi, aliutaja mfano huohuo mnamo Machi 2010 aliposema hadharani kwamba nchi yake ilikuwa ikijitayarisha kuziba idhaa ya Kiamhari ya Sauti ya Amerika. Lakini mifano hiyo miwili hailingani. RTLM ilitangaza kwa FM, ambayo haipiti mbali sana na mnara wake. Kelele ya kuiziba ingekomea papo hapo, na ingeokoa roho za watu waliokuwa wakitajwa kwa majina na kuwindwa. Kelele ya masafa mafupi haikomei popote. Anayeitupa kwa jirani yake anaitupa pia kwa watu wa mabara mawili. Aidha, ni vigumu kwangu kuamini kwamba idhaa yenye habari za kukasirisha serikali ni sawa na idhaa yenye kutoa orodha ya watu wa kuchinjwa.

Mtu atauliza: je, hakuna hakimu? Uko Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulioasisiwa 1865 na wenye makao yake Geneva. Katiba yake inasema waziwazi kwamba stesheni zote ziendeshwe bila ya kuzidhuru stesheni nyingine zinazofuata kanuni. Lakini ITU haina askari. Nchi iliyodhurika huandika barua, nchi inayodhuru hujibu au hukaa kimya, na mwanaredio mmoja mmoja hana mlango wa kubisha isipokuwa kupitia serikali yake. Zaidi ya hayo, katiba hiyohiyo imeyaachia majeshi uhuru wa mitambo yao ya redio, kwa sharti hafifu kwamba yafuate kanuni kadiri inavyowezekana. Kupitia tundu hilo ilipita rada kubwa ya Kisovieti iliyokuwa karibu na Chernobyl. Kuanzia 1976 hadi 1989 hivi ilikuwa ikipiga hewani mara 10 kwa sekunde, hata watu wakaiita kigogota, kwa jina la yule ndege agongaye miti. Muungano wa Kisovieti umekwisha, lakini rada za aina hiyo hazikwisha. Wanaredio husikia za mataifa kadhaa zikipita juu ya mazungumzo yao, pasipo kuomba radhi.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani kwamba huu ni ugomvi wa watu wenye mchezo wao. Nitamrudisha nyuma hadi Septemba 6, 2017. Alfajiri ya siku hiyo kimbunga Irma, chenye upepo wa kilomita 295 hivi kwa saa, kilikivunjavunja kisiwa cha Barbuda katika Karibiani, kisha kikaingia Saint Martin. Simu na umeme vilikatika. Wanaredio wa ridhaa waliokuwa kwenye mtandao wao wa vimbunga walikuwa miongoni mwa wachache waliobaki na njia ya kupeleka habari. Ilipofika saa mbili asubuhi kwa saa za huko, ambayo ni saa tisa alasiri kwetu, jua lililipuka kwa mlipuko mkubwa kuliko wote wa mzunguko ule. Baada ya dakika 8 tu, muda ambao mwanga huchukua kutoka juani hadi duniani, miali yake ililinenepesha lile tabaka la chini lifyonzalo mawimbi, na masafa mafupi yakanyamaza upande wote wa dunia uliokuwa mchana. Jambo la kuogofya ni kwamba hayo yalitokea wakati jua lilikuwa likielekea kwenye utulivu, wala si katika kilele.

Mlipuko wa jua hatuwezi kuuzuia. Hupita, na baada ya muda mawimbi hurudi. Ndiyo sababu inanikera zaidi kuona muda uliobaki, ambao jua limetuachia, tukiujaza uchafu kwa mikono yetu. Masafa haya ni akiba. Agosti 25, 2023 umeme ulipotea karibu katika nchi nzima ya Kenya. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikalegea kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi. (Dhoruba kubwa ya jua ilikuwa imepita siku mbili kabla, lakini hayo mawili hayahusiani, nalisema hili kwa sababu nimekwisha kusikia uvumi.) Minara ya simu za mkono hutegemea umeme, na umeme ukikatika hutegemea betri na jenereta zenye kikomo. Mtambo wa masafa mafupi hauhitaji mnara wa mtu yeyote katikati. Huhitaji betri ya gari, waya uliotundikwa mtini, na anga lisilojaa kelele. Wale madaktari wa ndege walioanza kazi Afrika Mashariki mnamo 1957 walizifikia zahanati za mbali kwa njia hiyo miaka mingi kabla ya simu za mkono kuwazika.

Na kelele zilizo karibu kuliko zote hazitoki Addis Ababa wala Moscow. Zinatoka katika tundu la umeme ukutani. Balbu za LED, chaja za simu, na inveta za mitambo ya sola hubadilisha umeme kwa kuuwasha na kuuzima maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde. Kila tendo hilo la kuwasha na kuzima huzaa mawimbi ya redio yasiyotakiwa. Mtengenezaji mwaminifu hutia koili na kapasita za kuyachuja. Mwenye haraka ya faida huziacha, maana bila hizo balbu itawaka vilevile na mnunuzi hataona tofauti. Kamati ya kimataifa iitwayo CISPR, iliyoundwa 1934, ilikwisha kuweka viwango vya kelele hizo, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba hatujui kipimo. Mimi mwenyewe nina chaja niliyoinunua kando ya barabara kwa bei ya kutupa. Nikiichomeka, redio yangu katika megahezi 7 huwa kiziwi. Nikiichomoa, dunia nzima hurudi. Hapo ni chaja moja. Fikiria mtaa wa ghorofa wenye chaja elfu mbili.

Tofauti kati ya kelele hizi na mngurumo wa dola ni kwamba hizi hazina adui. Hakuna aliyekusudia kumziba mtu. Ndiyo maana ni rahisi kuzipuuza, na ndiyo maana serikali ingeweza kuzipunguza pasipo kumkosea jirani yeyote. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya inayo madaraka juu ya masafa chini ya sheria ya mawasiliano ya 1998, nalo Shirika la Viwango, KEBS, lina madaraka juu ya bidhaa ziingiazo nchini. Yangefaa yakae meza moja. Bidhaa ya umeme inapokaguliwa bandarini Mombasa isipimwe tu kama itamchoma mnunuzi, bali pia kama itawaziba masikio majirani zake. Na matokeo ya vipimo hivyo yatangazwe, ili mwenye duka asije akasema hakujua. Katika mikutano ya ITU nayo, wajumbe wetu wasiende kusikiliza tu. Nchi iliyo jirani na Ethiopia na Eritrea, iliyopoteza kipande cha masafa kwa ugomvi usiokuwa wake, ina kila sababu ya kudai kwamba malalamiko ya kelele yapewe muda maalumu wa kujibiwa, na majina ya wasiojibu yachapishwe kila mwaka.

Kwa upande wa shule, sioni sababu ya kungoja serikali. Mtambo wa kurusha mawimbi unahitaji leseni, na sheria yetu haina mzaha katika hilo. Ningeiomba Mamlaka izisamehe shule ada hiyo pale zinapounda chama cha redio chini ya mwalimu aliyefuzu. Kusikiliza ni jambo jingine. Iko minara 18 ya majaribio iliyotawanywa duniani na wanaredio wa ridhaa, mmoja wake ukiwa umepewa jina la Kenya, 5Z4B. Hupokezana zamu katika masafa matano, la kwanza likiwa kilohezi 14,100, na kila mnara hupewa sekunde 10, hata duru nzima ikamalizika kwa dakika 3. Kila mnara hutaja jina lake kwa Morse, kisha hutoa mistari minne ya sekunde moja moja: wa kwanza kwa wati 100, wa pili kwa wati 10, wa tatu kwa wati 1, na wa nne kwa wati 0.1. Mwanafunzi mwenye redio ipokeayo SSB na saa iliyo sahihi anaweza kuandika daftarini ni mnara gani amesikia na mistari mingapi ameihesabu.

Darasa lifanye hivyo saa nne asubuhi, kisha saa kumi na mbili jioni, kwa muhula mmoja. Siku ya kwanza kila balbu na chaja katika jengo iwe imezimwa, na siku ya pili ziwashwe moja baada ya nyingine, mwanafunzi mmoja akiandika ni ipi iliyoufuta mstari wa nne, ipi wa tatu. Balbu zitakazofuta mistari yote minne zitiwe katika sanduku pamoja na jina la mtengenezaji na stakabadhi ya dukani, na mwalimu mkuu azipeleke KEBS kwa barua yenye muhuri wa shule.